Farasi ana laminaitisi: padoki, Rhodes, lusani au oti? Ulinganisho kwa wenye farasi na masaisi

Kila mvua ikishika, maswali ni yaleyale. Farasi ameanza kusimama vibaya, miguu ya mbele ameitanguliza na uzito wote ameutupa nyuma, kwato ukizishika ni za moto, dokta wa mifugo amekuja amesema hii ni laminaitisi, ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato, ameacha dawa ya maumivu na agizo fupi kwamba chakula kibadilishwe, halafu ameenda zake. Sasa saisi yuko stoo anaangalia marobota ya hei, yaani nyasi kavu, ya Boma Rhodes, lusani ya kutoka Naivasha, gunia la pumba, gunia la peleti, na nje padoki ni kijani kibichi mpaka macho yanafurahi, na hakuna aliyemwambia ipi ibaki ipi itoke. Wengi hapo wanachagua kwa jina la chakula au kwa rangi yake, na hivyo viwili havikwambii kitu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda aondoke nao: kwa farasi wengi wa huku kwetu, kuanzia Karen na Lang'ata mpaka Limuru, Naivasha na Nanyuki, kinachoshinda ni hei ya Rhodes iliyokomaa, imepimwa kwa mizani, imelowekwa, na farasi ametolewa kabisa kwenye majani mabichi. Ila sio kila farasi, kwa hiyo soma na yanayofuata.

Anza na farasi mwenyewe kabla hujafika stoo

Ndani ya ukwato kuna tabaka laini zilizoshikana, ndizo zinazoushikilia ule mfupa wa mwisho wa mguu usizame. Zikivimba na kuachia, mfupa unageuka au unashuka, na maumivu yake acha tu. Kinachozifanya ziachie ndo hutofautiana. Kuna ya farasi aliyebeba uzito mguu mmoja kwa sababu mwingine umevunjika, kama Barbaro, aliyeshinda Kentucky Derby 2006, akavunjika mguu mbioni wiki mbili baadaye, na Januari 2007 laminaitisi ndiyo iliyofanya achomwe sindano ya mwisho. Huyo hakuna hei ingemwokoa. Kuna ya sumu za maambukizi, mfano jike aliyezaa na kondo la nyuma likabaki ndani.

Lakini nyingi tunazoziona mabandani ni za homoni. Farasi anakula sukari na wanga, insulini inapanda juu kupita kiasi, na insulini yenyewe ndiyo inayoharibu kwato. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichukua poni, farasi wa jamii ndogo, wazima wasio na shida yoyote, wakawapa insulini ya mshipa mfululizo huku sukari ya damu ikishikiliwa palepale pa kawaida, na ndani ya siku tatu wote waliopewa wakapata laminaitisi. Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini hapa chini nazungumzia sukari na wanga tu, protini siigusi sana. Ule usemi wa mabandani kwamba "protini inachoma miguu" uacheni jamani, ndio unaofanya watu waogope lusani halafu wamwage molasi kwenye pumba bila wasiwasi.

Kwa hiyo uko na nani? Wa kwanza ni mnene: shingo juu ina tuta gumu la mafuta, mbavu huzipapasi bila kubonyeza, kwato zina pete ambazo kisiginoni ni pana kuliko mbele. Wa pili ni mzee, mara nyingi kapita miaka 15, manyoya marefu hayadondoki hata jua likiwaka, anakunywa maji mengi, misuli ya mgongo imeisha. Huyo mwambie dokta amtoe damu apimwe Cushing, ugonjwa wa homoni wa farasi wazee, maana una dawa yake, pergolaidi, na chakula peke yake hakitamtosha. Wa tatu ni yule aliyevunja mlango wa stoo akala mahindi nusu gunia. Hawa watatu hawali chakula kimoja, na ushauri ukitolewa bila kuuliza ni yupi kati yao, usiufuate.

Padoki au boma la udongo?

Kwa farasi ambaye bado anaumwa hili halina mjadala, boma la udongo linashinda kila saa ya siku. Atolewe kwenye majani leo, asisubiri hata wikendi. Awekwe sehemu ndogo yenye matandiko mazito, maranda ya mbao au mchanga laini, sentimita 15 na zaidi na yafike mpaka mlangoni, kwa sababu hapo mlangoni ndipo anaposimama muda mrefu. Na asitembezwe! Bado kuna watu wanamzungusha farasi wa laminaitisi eti damu izunguke. Kila hatua inavuta zile tabaka ambazo tayari zinaachia.

Mjadala unakuja kwa yule aliyepona, au mnene ambaye hajaugua ila dalili unaziona. Watu wanasema "namtoa masaa matatu tu". Tatizo ni kwamba farasi sio mjinga, akishajua muda wake ni mfupi anakula kwa kasi ya ajabu, hayo masaa matatu yanaweza kumtosha kula sehemu kubwa ya alichokuwa anakula siku nzima. Kikapu cha mdomoni kinasaidia zaidi kuliko saa ya ukutani, kwenye vipimo vya poni kimepunguza ulaji hadi kama 80%, mradi kimekaa vizuri, hakichubui, na anaweza kunywa maji nacho. Wengine wanaona ni ukatili. Mi naona ukatili ni farasi kulala chini siku nzima kwa sababu hawezi kusimama.

Saa ya kutoka nayo ina maana. Majani yanatengeneza sukari jua likiwaka na yanaitumia usiku yakikua, hivyo jioni ndiyo yana sukari nyingi kuliko wakati wowote na alfajiri ndiyo kidogo. Mtoe kabla ya mapambazuko, mrudishe kama saa tatu asubuhi. Ila kwa wenzetu wa Kinangop, Nyahururu na Nanyuki kuna mtego: usiku ukiwa wa baridi kali nyasi haikui, sukari ya jana inabaki palepale, halafu asubuhi jua kali linaongeza nyingine juu yake. Ule wakati wa Januari anga likiwa jeupe na barafu iko juu ya majani, alfajiri sio salama hata kidogo, mwache bomani.

Na ile padoki iliyoliwa mpaka imebaki vipara, watu wanaiona salama kwa sababu "hakuna kitu cha kula". Vile vishina vifupi ndimo mmea unaweka akiba yake, na mvua ya kwanza ikigusa vinachipua laini, tamu. Machi mwishoni hadi Mei, halafu tena Oktoba mpaka Desemba, hiyo ndiyo misimu ya kumwangalia farasi wako kwa karibu kabisa.

Rhodes, oti, lusani au nyasi ya Kikuyu?

Hapa ndo pana utajiri, na ndo mahali ushauri wa Ulaya unatupoteza kidogo. Kule hei yao nyingi ni raigrasi na jamii yake, nyasi za nchi za baridi, ambazo zinahifadhi sukari ya aina ya fruktani bila kikomo. Zetu za joto, Rhodes, ukoka, nyasi ya Kikuyu, hazihifadhi fruktani kwa namna hiyo, zinaweka akiba kama wanga na huwa zinafika kikomo. Hiyo ni bahati yetu. Haimaanishi ni salama bila kuangalia, inamaanisha unaanzia mahali pazuri zaidi.

Boma Rhodes ukiipata iliyokatwa baada ya kutoa maua, mabua mengi, majani machache, rangi imeanza kuwa ya manjano, hiyo ndiyo ya mgonjwa wako. Muuzaji atakuonyesha ile ya kijani laini iliyokatwa mapema na atakutoza zaidi, na kwa ng'ombe wa maziwa hela yake ni halali, kwa farasi wa laminaitisi unanunua sukari na kalori usizozitaka. Uzuri mwingine wa Rhodes ni kwamba haina oksaleti nyingi, na hii nitaieleza sasa hivi kwenye Kikuyu. Kasoro yake ni vumbi ikiwa imehifadhiwa vibaya, na ile iliyokomaa sana farasi mwenye meno mabovu anashindwa kuitafuna, utaona vidonge vya nyasi amevitema chini.

Hei ya oti naiogopa. Inaonekana safi, farasi wanaipenda kweli, lakini inakatwa wakati punje zimeanza kujaa na bua lenyewe lina sukari, kwa hiyo unapata wanga kwenye punje na sukari kwenye bua. Kwa farasi wa mbio pale Ngong hakuna shida, anaichoma. Kwa mnene aliyesimama bandani, isiingie stoo, labda iwe imepimwa maabara na majibu yamekuja chini ya 10%.

Hiyo 10% ndiyo namba ya kushika: sukari na wanga vikijumlishwa visizidi 10 hadi 12% ya uzito mkavu wa hei. Kwa macho huwezi kuijua, na kwa kuonja wala kunusa pia huwezi. Kama unanunua lori zima la msimu, sampuli moja iliyochanganywa kutoka marobota tofauti kupelekwa maabara ya lishe ya mifugo itakugharimu kidogo kuliko ziara moja ya dokta usiku. Kama unanunua robota kumi kumi kwa dukawala basi maabara haina maana kwako, kila mzigo ni shamba jingine, wewe nenda moja kwa moja kwenye kuloweka.

Nyasi ya Kikuyu ikikaushwa nayo iko kwenye soko, hasa nyanda za juu, na ni bei rahisi. Sukari yake inabadilika sana kulingana na mbolea na mvua, ila shida yake ya pekee ni oksaleti, ambayo inashika kalisi tumboni farasi asiipate. Akila hiyo peke yake miezi na miezi, mwili unatoa kalisi kwenye mifupa, uso unavimba pande zote mbili, anachechemea mguu huu kesho ule, na watu wanadhani laminaitisi imerudi. Setaria ina tatizo hilohilo. Ukilazimika kutumia Kikuyu, changanya na Rhodes na mpe lusani kidogo ya kuleta kalisi.

Sasa lusani, ambayo wengine wanaiita alfaalfa. Kesi yake inahukumiwa vibaya. Sukari na wanga wake kwa kawaida ni wa chini au wa wastani, kalisi ni nyingi, protini nzuri kwa farasi anayehitaji kujenga ukwato mpya. Shida yake ni kalori, inanenepesha, na kuna farasi wachache wenye insulini mbovu ambao miguu inawauma kila wakila lusani, hao utawajua kwa kuwaondolea wiki mbili uone. Kwa hiyo kwa mnene: kilo moja kwa siku inatosha, na uitoe ndani ya kiasi chake cha siku, usiiongeze juu. Kwa mzee mwembamba lusani inapanda ngazi, inaweza kuwa theluthi ya chakula chake. Kama chakula chote cha siku, hapana, kwa yeyote.

Kuna na mabua ya ngano, wenzetu wa Narok na Uasin Gishu wanayo kwa wingi. Yanatumika kujaza tumbo la mnene asiyeshiba, kalori ni chache. Yasizidi theluthi ya nyasi zake zote, uyaingize polepole wiki mbili tatu, meno yawe yamekaguliwa na maji yawepo muda wote, la sivyo unatoka kwenye laminaitisi unaingia kwenye tumbo kufunga. Nepia mi simpi farasi huyu, nawaachia ng'ombe.

Kavu au iliyolowekwa?

Kuloweka kunashinda kama hujapima hei yako, na kunafanyika hivi. Chukua pipa la plastiki la bluu lililokatwa nusu, osha vizuri. Pima hei ikiwa kavu kwa mizani ya kuning'iniza, iweke kwenye wavu, zamisha wavu wote na uweke jiwe juu usielee. Saa moja kwa maji baridi, nusu saa ukiwa na maji ya vuguvugu. Ukiutoa utaona maji yamekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, yanateleza vidoleni na yana povu, hiyo ndiyo sukari uliyoitoa. Yamwage mbali, farasi asiyanywe, na usiloweke wavu wa pili kwenye maji hayohayo maana unarudisha ulichotoa. Suuza wavu kwa maji safi, ning'iniza uchuje, mpe.

Hasara zake zipo. Kwanza, kinachotoka hakitabiriki, hei moja inapoteza sukari kidogo sana na nyingine inapoteza nusu, kwa hiyo hei yenye sukari kali hata ukiiloweka inaweza kubaki mbaya. Pili, madini nayo yanaenda na maji, lazima umrudishie. Tatu, huku kwetu joto: ushauri wa kuloweka usiku kucha umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ukiufuata Mombasa au Naivasha mchana utamtolea farasi hei inayonuka uchachu na imejaa bakteria. Saa moja, na iliyobaki baada ya masaa machache itupwe. Nne ni maji yenyewe, kama unanunua ya boza, hesabu inauma, na hapo ndipo kulipia maabara au kuchagua Rhodes iliyokomaa sana kunakuwa na nafuu.

Hei kavu basi inashinda pale tu ambapo imepimwa na iko chini ya 10%. Kuifukiza kwa mvuke kunaua vumbi na ukungu, ni kuzuri kwa farasi mwenye kikohozi, lakini kwa sukari hakufanyi la maana, mtu asikuuzie mashine hiyo kwa ajili ya laminaitisi.

Kumpimia au kumfungia njaa?

Hili naliandika kwa uchungu kidogo kwa sababu nimeliona mabanda mengi: farasi amepata laminaitisi, mwenye farasi ameogopa, anampa kipande kimoja cha hei asubuhi na kimoja jioni, katikati anakaa masaa na masaa mdomo mtupu. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote awe anakula au hali, vidonda vinaanza. Na mbaya zaidi, farasi mnene, hasa poni, na punda pia, akinyimwa ghafla mwili unamwaga mafuta kwenye damu, ini linajaa mafuta, anakataa kula kabisa na anaweza kufa kwa hilo kabla laminaitisi haijamfikisha popote. Bora umpimie.

Uzito kwanza. Kama huna mizani ya gari, chukua futi ya fundi cherehani: zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, hiyo izidishe kwa yenyewe, halafu zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita, gawa kwa 11,880. Kifua 180, urefu 165, unapata kilo 450. Kwa mnene anayetakiwa kupungua unampa 1.5% ya uzito wake kwa siku, ikiwa kavu kabisa, yaani kilo 6.75, na kwa kuwa hei ya kawaida ina unyevu kama 10% hiyo ni kilo 7.5 ya hei yako kwenye mizani. Ukiiloweka ongeza kama kilo moja kufidia kilichoenda na maji. Asipopungua baada ya wiki sita hivi, shuka taratibu, ila chini ya 1.2%, ambayo kwa huyu ni kilo 6 za hei, usiende bila dokta kusimamia.

Msihesabu kwa robota au kwa vipande, tafadhali. Robota moja lina kilo 12, jirani yake lina 18, mashine ile ile shamba lile lile. Gawanya hizo kilo mara nne au tano, la usiku liwe kubwa, na tumia nyavu mbili moja ndani ya nyingine ili matundu yawe madogo, wavu aliokuwa anaumaliza saa moja utamchukua saa mbili na zaidi.

Ndani ya ndoo: pumba, peleti, mashudu ya nazi

Pumba za ngano zimeheshimiwa mabandani tangu zamani, uji wa moto wa pumba Jumapili jioni, unajua. Kwa huyu farasi zitoke. Sukari na wanga ni kama robo mpaka theluthi yake, na fosforasi ni nyingi mno kulinganisha na kalisi, kwa hiyo ukimpa pumba juu ya nyasi ya Kikuyu unaibomoa mifupa kutoka pande mbili kwa mpigo. Pumba za mahindi hivyohivyo. Mahindi yenyewe yana wanga kama 70%, shayiri na oti ziko chini yake lakini bado mbali sana na ile 10. Molasi, karoti za kilo, ndizi mbivu, vipande vya muwa, mkate wa jana, vyote vitoke, na waambie na watoto wanaokuja kumsalimia.

Peleti za farasi zinategemea mfuko. Soma lebo, tafuta wanga na sukari. Kama hazijaandikwa, usiinunue kwa picha ya farasi anayeng'aa. Na chakula cha ng'ombe wa maziwa au cha kuku kisikaribie ndoo ya farasi hata siku moja, achana na laminaitisi, vingine vinawekwa monensini, dawa ambayo kuku na ng'ombe wanaivumilia na farasi inamsimamisha moyo.

Mashudu ya nazi ndiyo niliyoyapenda, na watu wa Pwani mnayo mlangoni, Kilifi na Kwale. Sukari na wanga ni kidogo, protini kama 20%, mafuta kiasi, unaloweka yanavimba yanakuwa laini hata kwa asiye na meno. Ubaya ni mafuta hayo kuoza na ukungu wa aflatoksini, kwa hiyo nunua kidogo kidogo, yakinuka uvundo au yana rangi ya kijani ndani ya gunia tupa. Makapi ya biti ya sukari yasiyo na molasi yanafanya kazi ileile na ni safi zaidi, ila yanatoka nje na bei yake ni ya nje.

Mnene ndoo yake ina nini basi? Konzi moja ya mashudu yaliyolowekwa, kwa ajili ya kubeba madini tu: mchanganyiko wa madini wa farasi wenye shaba na zinki, vitamini E kwa sababu hei ikishakauka haina tena ya kutosha, na chumvi ya kawaida kijiko kikubwa kimoja na nusu. Basi. Anaposikia wenzake wanagongewa ndoo naye anapata yake, hagongi mlango.

Mzee mwembamba

Kwake karibu kila kitu kinageuka, isipokuwa sukari. Kumnyima hapana. Hei ya chini ya 10% ale anavyotaka, mchana na usiku, lusani theluthi, mashudu ya nazi au makapi ya biti kilo moja hadi mbili zikiwa kavu, zilowekwe, mara tatu kwa siku. Kalori zaidi zitoke kwenye mafuta ya kupikia, anza na kijiko, panda taratibu wiki mbili mpaka kikombe kimoja kwa siku, na uongeze vitamini E. Meno yake yakaguliwe kila miezi sita. Kumnenepesha kwa shayiri iliyochemshwa, ambayo wazee wetu walipenda sana, kwa farasi mwenye Cushing ni kumrudisha kitandani.

Aliyevunja stoo

Hapa usilinganishe kitu, piga simu. Mahindi yanafika utumbo wa nyuma, yanachacha, asidi inapanda, na miguu inaanza kuuma baadaye, mara nyingi kesho yake au kesho kutwa, kwa hiyo akiwa anatembea vizuri saa mbili baada ya kula usidanganyike. Dokta aje sasa, chakula chote cha nafaka kiondolewe, abaki na hei kavu na maji. Na barafu: miguu iingie kwenye barafu na maji kutoka ukwatoni hadi karibu na goti, kabla hajaanza kuchechemea, mfululizo siku mbili mpaka tatu, maana kumwagia maji ya mpira dakika ishirini hakutoshi. Naivasha kuna wauza samaki, barafu ya magunia ipo, mtume mtu.

Lini arudi kwenye majani

Masharti yangu ni haya, na yote yatimie kwa pamoja. Anatembea na kugeuka kwenye sakafu ngumu bila dawa ya maumivu, na amekuwa hivyo wiki kadhaa. Picha za eksirei na fundi wa kwato wamekubaliana kwamba mfupa umetulia. Damu imepimwa tena na insulini imeshuka. Tuta la shingo limelainika. Na ule mpigo wa damu umetulia: weka vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni, bonyeza kidogo usubiri. Kwa mguu mzima unautafuta mpaka unauona kwa shida, kwa mguu wa laminaitisi unakugonga vidoleni wazi. Kila asubuhi kabla ya chakula, miguu yote minne, saisi yuleyule ili mkono uzoee.

Yakitimia, nusu saa alfajiri na kikapu mdomoni, wiki nzima hivyo, mpigo unaangaliwa kila siku, halafu ongeza nusu saa nyingine. Mpigo ukipanda hata mara moja unarudi bomani siku hiyohiyo. Na wako farasi ambao hawatarudi kwenye majani tena maisha yao yote, hasa walioanguka mara mbili tatu. Hao watengenezee boma zuri lenye kivuli, mwenzake mmoja tulivu upande wa pili wa uzio, nyavu zimening'inizwa sehemu nne tofauti ili atembee kutoka huu kwenda ule, na hei yake ipimwe kama kawaida.